Nyota Nilizoziita Taka

Ilunga, mwanangu,

Umelala kwenye kitanda changu, nami nimeketi mbele ya mashini ya kushona, kwa sababu taa ya hapa haikufikii usoni. Unakoroma kama marehemu baba yako. Nikikusikia sijui kama nicheke au nilie, basi nafanya yote mawili taratibu nisikuamshe.

Mambo ya blanketi, kinini na samaki wa kukauka sitayaandika. Nimekuambia hayo tangu juma lililopita mpaka ukaziba masikio kwa mto, na hata hivyo utayasahau gari-moshi likivuka daraja la kwanza. Nakuandikia jambo moja tu. Najua unachotaka kufanya kesho.

Yule rafiki yako wa ofisini hana kifua. Alinikuta bombani akadhani ninajua, akanieleza yote: kwamba utapanda gari ili Padri aliyekufundisha na mimi tuone, tukupungie mkono, kisha utashuka Jadotville na kurudi kwa gari la jioni. Siku ya pili ungekuwa ofisini mbele ya tapureta yako, likizo uliyoomba badala ya kuacha kazi haijaisha, nyumba yetu imebaki, na safari ya chuo kikuu cha Léopoldville ungeiacha iende zake na wenye bahati. Ulipanga vizuri. Kwa kupanga hivyo umefanana na mimi, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Nitaiweka juu ya mkate katika kifungu chako cha chakula. Nakujua: kabla hamjafika Jadotville utakuwa umekwisha kukifungua.

Wote wawili tunajua nyumba hii ni ya nani. Ni ya kampuni. Ilikuwa ya baba yako kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye tanuru la mukuba, hiyo shaba yao. Kifua chake kilipokwisha, akafa, ikawa yako kwa sababu ulikuwa umeingia ofisini kuwa karani. Mimi sikuwahi kuwa na nyumba humu kampini. Mwanamke wa kampi ni wa mtu: wa mumewe, au wa mwanawe, na akiwakosa wote anapewa karatasi ya gari arudi kwao. Na kwetu, kule Kongolo, ananingoja baba yako mdogo Kasongo, ambaye kwa desturi ana haki ya kunirithi pamoja na baiskeli ya kaka yake. Alikuja mwaka jana, unakumbuka, akala kuku wangu, akaitazama mashini hii ya kushona kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

Ndiyo maana juzi, tulipokuwa tunakula, uliweka tonge la bukari chini ukasema:

— Mama, miye siende. Nitabaki juu ya weye.

Uliona nimeinuka kwenda kuosha sahani ambayo ilikuwa bado na mboga. Ilunga, nilichosikia pale hakikuwa sauti yako. Kubaki kwa ajili ya mtu, hayo ni maneno yangu. Nimewalisha wewe na baba yako maneno hayo miaka yote, pamoja na bukari, na sasa umekua mtu mzima unanirudishia tonge langu mwenyewe. Niliona aibu, na hofu pia.

Habari za Bwana Kioo unazijua, lakini nimezoea kuzisimulia kwa namna ya kuchekesha wageni. Leo nitazisema sawasawa.

Masista walitufundisha sisi wasichana kufuma lesi. Siku nzima uzi na vipini, kichwa chini, macho kwenye kitu kidogo kuliko punje ya mtama. Sista wetu alikuwa na sheria moja ya kukagua kazi: anaigeuza. Kilicho sawa, alisema, kinaonekana pande zote mbili. Kinachoonekana upande mmoja tu ni doa au fundo, kikate. Niliishika sheria hiyo kuliko katekisimu.

Bwana Kioo alikuwa Mbelgiji, injinia wa umeme, mseja, na moyo wake haukuwa kwenye umeme hata kidogo. Ulikuwa kwenye nyota. Rafiki yake aliyekuwa na darubini kubwa kule kusini alimpelekea picha za mbingu zilizopigwa juu ya vioo, zikaja kwa gari-moshi kupitia Sakania mpakani, ndani ya masanduku yenye majani makavu. Safari moja watu wa forodha walifungua sanduku wakidhani ni whisky, wakasikitika sana. Watu wa kampi wakampa jina, Bwana Kioo. Alikwenda kwa masista akaomba mtu mwenye macho makali na mkono usiotetemeka, anayejua kuhesabu. Mimi nilikuwa nimeolewa tayari, wewe ulikuwa bado unanyonya. Masista wakanitoa mimi.

Ulilala ndani ya sanduku moja la vile vioo, juu ya majani, miguuni pangu. Hiyo si hadithi ya kuchekesha, ni kweli. Kukubeba mgongoni alinikataza kwa sababu ulikuwa unatikisa meza.

Kazi ilikuwa ya mchana, madirisha yamefungwa, joto la kuiva. Kwenye vile vioo mbingu ni nyeupe na nyota ni nyeusi, vidoa vya wino tu. Miaka yote niliyofanya kazi ya nyota sikuwahi kuitazama hata moja kwa darubini. Bwana Kioo alikuwa nayo ndogo juu ya paa lake, na siku moja nilimwomba nichungulie. Alifikiri, akasema tutaona. Unajua mambo ya wakati ule, na mpaka leo hayajabadilika sana: ikifika saa tatu ya usiku mtu mweusi haonekani katika mji wa wazungu pasipo karatasi, na kuniombea mimi karatasi kungeleta maswali. Sikuomba tena. Jioni nilikubeba, nikavuka kurudi kampini, na nyota zikatoka nikiwa ninapika.

Kilimia unakijua. Bibi yako alikuwa akikiona jioni upande wa mashariki, anajua mvua iko karibu, majembe yatiwe mipini. Bwana Kioo alisema nyota za kishada kama kile ni ndugu: zilizaliwa pamoja na zinatembea pamoja. Alikuwa na vioo viwili vya mahali palepale, kimoja cha zamani na kingine kipya, na mashini yenye tundu la jicho ikanionyesha cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha kwanza tena. Nyota za mbali zilitulia. Zile za jamaa moja ziliruka zote kidogo, upande uleule. Nilitakiwa kutia alama kila kilichoruka pamoja na jamaa, hata kama ni nukta hafifu ya mwisho. Kisha nilizilinganisha nukta hizo na vioo vingine viwili, kimoja kilichopigwa kwa mwanga wa buluu na kingine kwa mwekundu, na pale penye uchafu wa kioo nitie msalaba mdogo, maana yake taka. Sababu hakuniambia. Mimi nilikuwa macho tu, na macho hayaelezwi sababu.

Basi nikaona nukta ambazo kwenye kioo cha buluu zipo, na kwenye kioo chekundu hazipo kabisa. Nikamkumbuka Sista. Kinachoonekana upande mmoja tu ni doa. Nikatia msalaba. Msimu mzima wa mvua nilitia misalaba, kwa bidii, na nilijisifu kwa usafi wangu.

Siku Bwana Kioo alipoketi kukagua nilidhani atanipa shukrani. Alitazama kioo cha kwanza, akatazama cha pili, akavua miwani. Hakupiga kelele. Alizungumza Kiswahili chake kile cha mabwana:

— Ngoie, hii weye nasema buchafu, hii njo mimi natafuta.

Ndipo aliponieleza, na nadhani alinieleza kwa sababu alijiona mkosaji. Kati ya wale ndugu wa kishada wamo ambao wamekwisha kumaliza kuni zao. Hawakuzimika. Wamebaki wadogo mno, wazito mno, na moto wao ni wa buluu, ndiyo maana kwenye kioo chekundu wanafifia mpaka kupotea. Kijiko kimoja cha nyota ile, alisema, kingevunja behewa la mukuba. Kwa lugha yake aliziita vibete vyeupe, nami nikamwuliza kama hata mbinguni kuna vilema, akacheka kwa mara ya kwanza. Nikauliza zinakwenda wapi baada ya hapo. Akasema haziendi popote. Haziwezi kukua wala kujikunja zaidi, zinakaa palepale pamoja na ndugu zao, zikipoa polepole.

Nilirudia kazi yote. Tulipata chache, nyingine zilikuwa taka kweli. Lakini usiku ule sikulala, nikimtazama baba yako amelala na masizi shingoni, mimi ukutani, wewe katikati, na paa la kampuni juu yetu. Nilijiona kama nimefungiwa ndani ya ile nyota. Sikumwambia mtu. Nani kampini ungemwambia maneno hayo asikupeleke kwa mganga?

Sasa nakuja kwenye kosa lenyewe, maana lile la vioo lilisahihishwa.

Vita vilipokwisha, Bwana Kioo alirudi kwao na vioo vyake. Kabla ya kuondoka aliniambia kwamba masista wa Kambove wanataka mwanamke wa kuwafundisha wasichana hesabu, na kwamba yeye amekwisha kuwaandikia. Nyumba ingekuwa ya masista, chumba kimoja, lakini kwa jina langu. Nilipomwambia baba yako nilitegemea atakataa. Nilimwambia kwa namna ya kumsaidia akatae. Alikuwa anavua viatu, akaweka kimoja chini, akasema:

— Enda na mutoto. Miye nitakuya siku ya mungu.

Alikuwa mtu wa maneno machache na hayo yalimgharimu. Mume ambaye mkewe anakaa mbali, naye anamfuata Jumapili tu, watu wa kampi wangemla nyama akiwa hai. Alikuwa tayari kuliwa. Mimi ndiye niliyekataa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Si yeye, si wewe. Nilipotazama huku na huku sikumwona mwanamke mwingine hata mmoja wa kampi anayetaka kitu kama hicho. Walitaka vitenge, watoto, mume asiyekunywa, na mimi pia nilivitaka. Lakini ile hamu nyingine ilionekana kwangu peke yangu, kwa wenzangu haipo. Basi nikaitia msalaba. Mtu aliyekwisha kufundishwa kwa gharama ya msimu mzima, na bado akalirudia kosa lilelile, huyo ndiye mama yako.

Na kama ningeishia hapo, lingekuwa kosa langu na ningelibeba mwenyewe. Lakini niliona uchungu kukiri kwamba nimeogopa. Nikatafuta jina zuri la kuficha woga, nikaliita upendo. Nikaanza kusema nimebaki kwa ajili yenu. Baba yako akichelewa, nilisema. Wewe ukipata alama mbaya, nilisema. Mwaka ule alipougua nilimwambia hata kitandani, mtu ambaye aliniruhusu, na hakunijibu kwamba aliniruhusu. Alinitazama tu, akaomba maji. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, Ilunga, wala sina wa kumwomba msamaha ila wewe uliyefanana naye.

Unakumbuka jioni ile mwaka jana ulipotoka kwa mapadri na kitabu cha nyota walichokuazima? Nilikuwa napinda gauni la ubatizo la mtoto wa jirani. Nilikuuliza swali ambalo Bwana Kioo hakuweza kulijibu, nililokuwa nalo tangu ungali sandukuni: kama ndugu wote wamezaliwa siku moja, kwa nini mmoja amezeeka peke yake na wengine bado vijana? Ulikaa chini palepale sakafuni, ukaanza kunieleza kwa mikono, na bukari ikapoa.

— Ile ilikuwa mukubwa kupita bote, Mama. Mukubwa njo anamaliza kuni mbele.

Kisha ukaniambia kwamba hilo si jambo kubwa. Kubwa ni kujua kitu gani kinaishikilia isianguke ndani yake yenyewe, nzito vile na haina moto wa kuisukuma nje. Ukasema kuna hesabu yake, mapadri hawaijui yote, inafundishwa Léopoldville. Sikukusikiliza vizuri nusu ya mwisho. Nilikuwa nakutazama uso. Niliijua ile sura, nilikuwa nayo mimi zamani, kabla sijaificha. Hakuna rafiki yako wa ofisini anayekesha kwa ajili ya kitu hicho. Wewe peke yako. Usinifanye nione msalaba unatiwa mara ya pili katika nyumba moja.

Sikuambii kwamba kule utakuwa huru. Mimi sijafika, lakini sidhani. Utawakuta wale wanaouliza karatasi, na wale wanaokusifu kwa kukushika kichwa kama mtoto, na siku nyingine utakaa katika chumba chenye madirisha yaliyofungwa ukijiuliza umeacha nini na kwa nini. Watakupa kazi bila sababu. Uliza sababu. Wakikukatalia, uliza tena kwa njia nyingine, kama ulivyokuwa ukiniomba sukari. Na ukikosea, ukubali kosa lingali dogo, kabla hujalitafutia jina zuri. Mengine utayaona mwenyewe, nami sina haki ya kukufundisha ushujaa.

Wala usifikiri kwamba sikutaka ushuke Jadotville. Nilipoambiwa pale bombani, jambo la kwanza lililonijia ni furaha. Nilirudi na ndoo kichwani nikiwaza nitakupikia nini jioni utakaporudi. Nikapanga sombe la majani ya muhogo na samaki. Nilifika mlangoni nikiwa nimekwisha kukuoza binti wa jirani na kupata wajukuu wawili, wote wamelala humu ndani, na wewe u karani mpaka kifua chako nacho kiishe. Nilisimama palepale mlangoni, nikaitua ndoo kwa nguvu mpaka maji yakamwagika.

Kwa hiyo jana, ulipokwenda kuwaaga mapadri, mimi nilivaa kile kitenge kipya nikaenda kwa mkubwa wa kampi. Nilimwambia mwanangu karani ameacha kazi, anakwenda shule, nimekuja kurudisha nyumba. Aliuliza kama nina akili timamu. Nikasema ninazo, na kwamba wanaongoja nyumba ni wengi. Hilo alilijua kuliko mimi, akaandika upesi. Kesho mchana, gari lenu likiwa njiani, wanaingia watu wengine. Mke alikuja kuangalia ulipokuwa hupo, msichana mdogo kabisa, ana mimba. Aliniuliza kama nitang'oa mboga zangu za lengalenga uani. Nilimwambia azimwagilie jioni, si mchana, akanishukuru mpaka nikaona haya.

Mashini ya kushona nitaipeleka asubuhi kwa Mama Kapinga, yule Mkasai mjane anayeuza nguo kule mji wa sisi weusi nje ya kampi. Ana chumba cha nyuma, hakina dirisha, lakini mlango una komeo la ndani. Atasema mimi ni fundi wake. Karatasi yangu ya kukaa itabidi ifanywe upya kila mara, na kila mara watanizungusha, na siku wakikataa sijui nitafanya nini. Sikudanganyi. Naogopa. Kasongo nimemjibu kwamba achukue baiskeli.

Mimi sasa ndiye niliyebaki palepale, nikipoa polepole, nawe usinionee huruma kwa hilo. Nimebaki kwa hiari yangu, na safari hii sitamwambia mtu kwamba ni kwa ajili yake.

Jogoo wa jirani ameanza, na wewe umegeuka ukutani. Nitakuamsha sasa hivi nijifanye mkali.

Gari likisimama Jadotville, wanawake watakuja na mabeseni ya ndizi na karanga, na watu watashuka kunyoosha miguu. Wewe usishuke. Ukiwa na njaa, nunua dirishani.

Mama yako,
Ngoie